Dawa ya Kwanza na "Ila" Yake

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Mwanamke wa miaka 26, mja mzito wa wiki 38, mkojo unamchoma, na kipimo kimethibitisha maambukizi ya kibofu. Andika dawa. Katika kikundi chetu cha marudio, kinachokutana Jumamosi alasiri chumba cha nyuma cha duka la dawa huku Majengo, siku hiyo walikuwepo wanafunzi saba. Watano waliandika nitrofurantoini, miligramu 100 mara mbili kwa siku. Walipochunguliana karatasi wakatabasamu, maana wameafikiana. Na wote watano wamekosa.

Nitrofurantoini ni dawa ya kwanza ya maambukizi ya kibofu, hilo halina ubishi. Hata mja mzito hupewa kwa sehemu kubwa ya mimba. Siku za kujifungua zikikaribia, dawa hii inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu ya mtoto, kwa hivyo huwekwa kando na kutafutwa nyingine, kwa mfano sefaleksini miligramu 500 mara mbili au tatu kwa siku, kwa siku 7. Wale watano walimtibu kibofu. Mwenye kibofu hawakumwangalia.

Nawaandikia wao, na wenzao wa mwaka wa mwisho wa udaktari, ufamasia, tiba na uuguzi hapa Mombasa ambao sasa hivi wanakariri ile orodha ndefu: ugonjwa kushoto, dawa kulia. Orodha ni lazima uijue. Lakini alama hazipotei hapo. Hupotea kwenye kineno kinachofuata jina la dawa: ila. Metfomini, ila figo zikiwa hivi. Amoksilini, ila mtoto akiwa vile. (Majina ya dawa nimeyaandika kwa matamshi yetu, kwenye karatasi ya mtihani yaandike kama yalivyo kwenye pakiti, msije mkanilaumu.)

"Nipe ile kali"

Juzi alikuja nyanya mmoja wa Kongowea na mjukuu wake anayekohoa. Ameandikiwa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha. Akaiangalia, akaisukuma nyuma juu ya meza: "Mwanangu, hii ya kuchanganya na maji siitaki. Nipe ile kali, ya sindano."

Kwa nyanya yule dawa ya kwanza ni dawa hafifu, ya kuanzia tu, kama kidato cha kwanza. Nikisema ukweli, wanafunzi wengi wana dhana hiyohiyo, ila hawaitamki. Ndiyo maana wakihisi swali ni zito hukimbilia seftriaksoni, antibayotiki ya sindano.

Dawa huitwa ya kwanza kwa sababu ukiweka kwenye mizani faida yake, madhara yake, bei, upatikanaji, na hasara itakayotupata sote wadudu wakiizoea, inawafaa wagonjwa wengi zaidi kuliko nyingine zote. Ukali haumo kwenye hesabu hiyo. Shirika la Afya Duniani limezigawa antibayotiki mafungu matatu tangu 2017: za matumizi ya kawaida, za kuangaliwa kwa makini, na za akiba. Amoksilini imo fungu la kwanza. Seftriaksoni imo la pili, na kila tunapoichoma bila sababu tunaisogeza karibu na siku ambayo haitafanya kazi.

Mjukuu wa Kongowea alikuwa na nimonia isiyo kali: anapumua haraka, lakini anakunywa, anacheza, hana dalili ya hatari. Dozi ni miligramu 40 hadi 45 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, siku 5. Mtoto wa kilo 12 anahitaji kati ya miligramu 480 na 540 kila mara, yaani vidonge viwili vya 250 asubuhi na viwili jioni. Wanafunzi wengi hapa hujibu jina sahihi kisha wanaandika miligramu 125 mara tatu. Hiyo kwa mtoto huyu ni chini ya nusu ya dozi ya siku, na jina sahihi haliiokoi.

Ila: akishindwa kunywa, akiwa amelegea, akipata degedege, au oksijeni yake ikiwa chini, hapo dawa ya mdomo haina nafasi. Analazwa, anapewa oksijeni, na sindano za benzilpenisilini na jentamisini. Hata hapo mwongozo haujaenda moja kwa moja kwenye seftriaksoni.

Halafu kuna mzio. Swali likisema mgonjwa "ana aleji ya penisilini", msomaji wa haraka anaifuta amoksilini na kusonga mbele. Sawa, ukiwa mtihanini fanya hivyo isipokuwa swali lenyewe limekupa maelezo zaidi. Likisema alipata vipele vya kuwasha na midomo kuvimba dakika chache baada ya kumeza, huo ni mzio wa kweli. Likisema aliharisha, hayo ni madhara ya kawaida ya dawa. Mtunzi hakuandika sentensi hiyo kwa kujaza karatasi.

Cheo cha muda

Malaria ndiyo inayofundisha vizuri kwamba cheo cha "ya kwanza" kina mwanzo na mwisho. Wazee wetu walimeza klorokwini, na wengi bado wanaukumbuka uchungu wake na ule mwasho wa ngozi uliowakosesha usingizi. Vimelea vikaizoea. Mwaka 1998 Kenya ikaiondoa na kuweka salfadoksini-pirimethamini, vidonge vitatu vya kumeza mara moja. Nayo haikukaa. Mwaka 2004 sera ikabadilika kuwa artemetha-lumefantrini, na 2006 dawa hiyo ikaanza kutumika katika vituo vya serikali. Miaka minane, madawa matatu kitini.

Salfadoksini-pirimethamini haikuzikwa lakini. Kwenye maeneo ya malaria nyingi, huku pwani na kule kanda ya ziwa, mja mzito hupewa kliniki kama kinga kuanzia miezi mitatu ya kati. Imevuliwa cheo cha kutibu, ikabaki na cha kukinga, na watunzi wa mitihani wanaipenda tofauti hiyo. Ila yake: mwenye HIV anayetumia kotrimoksazoli kila siku hapewi, kwa kuwa zote mbili zina dawa ya jamii ya salfa na kotrimoksazoli tayari inamkinga.

Sasa dozi ya artemetha-lumefantrini, kwa sababu hapa ndipo watu wazima wanapolia. Mtu wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge vinne mara sita kwa siku tatu, jumla 24. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza. Ya tatu ni saa 24 baada ya ile ya kwanza, kisha kila baada ya saa 12. Ukianza saa nane mchana, ya pili ni saa nne usiku, huwezi kuisubirisha hadi asubuhi. Kwenye karatasi ya mtihani, na kwenye chati ya wodini, hiyo ni 14:00 na 22:00. Nimewahi kuona mwanafunzi hodari kabisa, aliyekariri kila kitu, akiandika 04:00. Alikuwa anafikiri kwa saa zetu na kuandika kwa saa zao.

Lumefantrini nayo inapenda mafuta. Kwenye tumbo tupu haiingii mwilini ipasavyo. Chai ya maziwa na mahamri inatosha, au wali na samaki wa nazi kama mgonjwa anaweza kula. Asiyeweza, hata glasi ya maziwa. Swali la "mgonjwa amerudi na vimelea bado vipo, ulimshauri nini?" mara nyingi linataka jambo hili, kabla hujaanza kulaumu usugu.

Mja mzito wa miezi mitatu ya kwanza: vitabu vya zamani vitakupa kinini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali artemetha-lumefantrini hata katika kipindi hicho. Tazama toleo la mwongozo mnaoutumia chuoni, maana mtihani hufuata toleo.

Malaria kali ni habari nyingine kabisa. Kwa miaka mingi ilikuwa kinini ya dripu, na ilikuwa na adha zake: sukari ya damu kushuka, masikio kuvuma. Kisha ukaja utafiti mkubwa uliochapishwa 2010, watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, na kituo kimojawapo kikiwa jirani zetu wa Kilifi. Waliopewa kinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesunati ya sindano, asilimia 8.5. Tangu hapo artesunati ndiyo ya kwanza: miligramu 2.4 kwa kilo, saa 0, 12 na 24, kisha mara moja kwa siku. Na ila yake ni ya kushangaza kidogo: mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa dozi kubwa zaidi kwa kila kilo, miligramu 3. Mtoto wa kilo 12 anapata 36. Akiweza kumeza, na baada ya angalau saa 24 za sindano, anamalizia kozi kamili ya siku tatu ya artemetha-lumefantrini. Ukiisahau hiyo kozi, umeacha tiba katikati.

Na kama kipimo hakionyeshi malaria? Hapa Mombasa swali hilo lina uzito wake. Tumepata milipuko ya dengi 2013 na 2017, na chikungunya mwishoni mwa 2017 kuingia 2018. Mgonjwa ana homa, viungo vinamuuma, macho yanamuuma kwa ndani, kipimo cha malaria hakina kitu. Jibu ni parasetamoli, kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, na maji ya kutosha. Dawa za malaria "kwa usalama" zinakukosesha alama. Ibuprofeni, aspirini au ile sindano ya diklofenaki wanayoipenda wateja wetu inakukosesha zaidi, kwa sababu dengi hupunguza chembe za kugandisha damu na dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu.

Vitabu viwili, presha moja

Baadhi ya wanafunzi wangu wanataka kwenda kufanya kazi Uingereza, kwa hivyo mezani pana vitabu vya aina mbili. Mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa mwisho huko Uingereza hufanya mtihani maalumu wa kuandika dawa kwa usalama, na huruhusiwa kufungua kitabu cha dawa cha taifa akiwa ndani ya mtihani. Nilipowaambia hivyo hawakuniamini. Kufunguliwa kitabu na bado kuna wanaoanguka! Lakini kitabu kitakupa dozi. Hakitakuambia kwamba mgonjwa wa swali la 14 ana figo mbovu.

Basi: mwanamume wa miaka 48, presha 162/98, imepimwa siku tofauti, hana kisukari. Kitabu cha Uingereza kitakuuliza umri na asili. Chini ya miaka 55 na si Mwafrika wala Mkaribi, unaanza na kundi la enalaprili au losatani. Miaka 55 na zaidi, au Mwafrika wa umri wowote, unaanza na amlodipini. Akiwa na kisukari cha aina ya pili, umri na asili havina kazi tena, anaanza na kundi la enalaprili au losatani.

Hapo kijana mmoja wa Kibokoni akaniuliza: "Mwalimu, babu yangu mzaa baba ni wa Hadhramauti, nyanya yangu ni Mdigo. Mimi niko kisanduku gani?" Tulicheka, lakini swali lake ni la haki, na nusu ya Mji wa Kale ingeuliza vivyo hivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 hauna kisanduku hicho. Unakubali makundi matatu kuanzia: dawa za kuongeza mkojo za jamii ya haidroklorothiazidi, kundi la enalaprili na losatani, na kundi la amlodipini, na unapendelea mbili pamoja, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja. Zipi mbili? Utafiti uliochapishwa 2019, wagonjwa weusi 728 katika nchi sita za Afrika pamoja na Kenya, ulionyesha kwamba michanganyiko yenye amlodipini ilishusha presha kuliko ule usiokuwa nayo. Mimi kwa karatasi ya hapa nyumbani naanza na amlodipini na kuongeza ya pili, na sijaona sababu ya kubadilika.

Ila za presha ni nyingi, na mbili zina uzito kuliko nyingine. Mja mzito hapewi enalaprili wala losatani. Anapewa methildopa, labetaloli au nifedipini. Mwanamke wa miaka 30 anayetumia enalaprili na swali likataja kwamba hedhi yake imechelewa, usisome haraka. Ya pili ni miguu. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Mgonjwa anarudi na uvimbe, anaandikiwa furosemidi ya kuongeza mkojo. Potasiamu inashuka, anaandikiwa potasiamu. Hati yake sasa ina dawa tatu, na mbili kati yake zinatibu madhara yaliyoanzishwa na ile ya kwanza. Dirishani naziona hati kama hizo, na siku zote mwenye nazo ni mzee mnyenyekevu asiyeuliza kitu.

Sukari na mwezi wa Ramadhani

Kisukari cha aina ya pili kinaanza na metfomini, miligramu 500 pamoja na chakula, ikipandishwa polepole kwa majuma ili tumbo lizoee. Anayeandika gramu moja mara mbili kwa siku ya kwanza, mgonjwa wake atakaa chooni na hatairudia dawa. Kasi ya kuchuja ya figo ikishuka chini ya 45 unapunguza na kuangalia kwa karibu. Chini ya 30 unaiacha.

Mji huu hauwezi kusoma kisukari bila kusoma Ramadhani, hata kama kitabu kimeipa mistari miwili. Metfomini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, kwa hivyo aliye imara kiafya na daktari wake amekubali afunge, kazi ni kupanga saa tu. Anayemeza mara moja kwa siku humeza wakati wa futari. Mara mbili, futari na daku. Mara tatu, ile ya mchana inaunganishwa na ya futari. Glibenklamidi ni jambo jingine. Inalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama tumbo halina kitu, na mfungaji anaweza kuzirai saa tisa alasiri foleni ya feri ya Likoni, watu wakidhani ni jua. Kwa mfungaji hubadilishwa na nyingine ya jamii hiyo isiyoshusha sana, kama gliklazidi, au dozi hupunguzwa. Na ukimwandikia, mwandikie pia kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 anafungua hapohapo.

Kuhara kwa mtoto hakuhitaji maneno mengi: maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, aliye chini ya miezi sita miligramu 10. Antibayotiki ni kwa kinyesi chenye damu au kipindupindu.

Pumu imebadilika na wengi hawajapata habari. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa hautaki mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Ile pampu ya bluu hufungua njia ya hewa kwa saa chache, lakini uvimbe wa ndani unaendelea, na wanaoitegemea wako hatarini zaidi. Dawa ya kwanza sasa ni ile ya kuvuta yenye steroidi pamoja na fomoteroli. Ikikosekana, na huku kwetu bei huikosesha mara nyingi, basi kila anapovuta salbutamoli avute na beklometasoni. Bado ninauza pampu za bluu peke yake kila siku. Hati zinakuja hivyo.

G6PD, na swali la kufanyia nyumbani

Pwani yetu imeishi na malaria kwa karne nyingi, na damu yetu inaonyesha. Selimundu na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD viko kwa wingi huku. Mwenye upungufu huo akipewa primakwini, dapsoni au nitrofurantoini, chembe zake nyekundu zinaweza kuvunjika. Ile nitrofurantoini, tena. Ukiona kwenye swali mkojo umekuwa kama kahawa na macho yamekuwa manjano siku chache baada ya dawa, rudi juu ukasome aliandikiwa nini.

Na lile la nyumbani ni hili. Mwanamume wa miaka 55, kilo 60, wa Mtongwe. Ana kisukari, anameza metfomini gramu moja mara mbili kwa siku. Amepatikana na HIV na ameanzishiwa tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, kidonge kimoja kwa siku. Wiki hii kipimo cha kifua kikuu kimerudi na vimelea, na ameanza dawa nne za miezi miwili ya mwanzo, rifampisini ikiwemo. Kila dawa hapo ni ya kwanza kwa ugonjwa wake. Rekebisha hati.

Wote saba walilijaribu. Sita waliona kwamba rifampisini huifagia dolutegraviri mwilini, kwa hivyo huongezwa miligramu 50 nyingine baada ya saa 12. Wanne waliona pia kwamba dolutegraviri hupandisha metfomini kwenye damu, na kwamba jumla yake isizidi gramu moja kwa siku. Mmoja tu, msichana asiyeongea sana, aliandika chini kabisa kwa kalamu ya risasi: dozi ya pili ya dolutegraviri iendelee wiki 2 baada ya rifampisini kwisha.